Nani Alitenda Dhambi? Swali Linalomchelewesha Mtoto

Somo: Yohana 9:1-7, Marko 2:1-12

Leo naomba tukae pamoja juu ya jambo ambalo mimbarini tunalipita haraka: mtoto anayezaliwa na kasoro ya kichwa, ya ubongo au ya mgongo. Pengine yuko mmoja nyumba ya tatu kutoka kwako na hujawahi kumwona, kwa sababu mama yake humfunika khanga kila anapopita, au ameacha kabisa kuja ibadani.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nahudumu Pangani. Anayeijua Pangani anajua kwamba mto ndio unaopanga maisha ya watu. Upande huu kuna mji, soko na hospitali ya wilaya. Ng'ambo kuna Bweni na vijiji vinavyoshuka kusini kuelekea Kipumbwi na Mkwaja. Anayetaka kuvuka husubiri pantoni au hutafuta mwenye boti. Jumapili moja baada ya ibada alinijia mama kijana kutoka Bweni, amebeba mtoto wa miezi miwili. Alipoondoa khanga niliona kichwa kikubwa kupita umri, mishipa imejitokeza kwenye ngozi, na macho yanatazama chini tu kama jua linalozama.

"Baba Mchungaji," aliniambia, "mwanangu hakuzaliwa hivi. Kichwa kinakua kila siku, na watu wanasema mengi."

"Wanasema nini?"

"Wengine wanasema nimetupiwa jini. Mama mkwe anasema kuna jambo nimelificha."

Ningeweza kumuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Ningeweza kumuuliza kama anatapika, au kama amefika hospitali. Sikuuliza hata moja. Nilimuuliza kama kuna jambo nyumbani kwao ambalo hawajalitubu. Aliinamisha kichwa, hakujibu. Nikamwekea mtoto mikono, nikaomba, kisha nikampangia yeye na mumewe majuma matatu ya maombi. Nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya kazi ya Mungu.

Juma la tatu, pantoni ya kwanza ilipovuka, nilisikia hodi. Alikuwa bibi mmoja, Mwislamu, jirani wa yule mama, na nyuma yake mama mwenyewe na mtoto. Mume alikuwa keshaondoka nyumbani. Bibi hakukaa hata kwenye kiti nilichomkaribisha. "Mchungaji," alisema, "dua zako tumezisikia, na Mungu amezisikia. Sasa tupe nauli, mtoto tumpeleke Bombo."

Niliwapa. Walikwenda Tanga, kilomita zipatazo 50 za barabara ya vumbi, na kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo wakapewa rufaa kwenda mbele. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akaishi. Leo yuko darasa la tano, mcheshi, na hakuna wimbo wa kanisani asioujua kwa moyo. Lakini haoni.

Hakuna daktari aliyeniambia kwamba majuma yale matatu ndiyo yaliyoyachukua macho yake. Hilo hakuna awezaye kulipima. Ninachojua ni kwamba kwa siku ishirini na moja maji yaliendelea kuukandamiza ubongo wa mtoto yule, huku mimi nikitafuta dhambi.

Swali la wanafunzi

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawamuulizi jina lake wala shida yake. Wanamgeukia Yesu na kumuuliza nani alitenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata akazaliwa vile. Ndilo swali nililomuuliza yule mama, ila mimi nililivalisha joho.

Yesu anakataa yote mawili: si yeye, wala si wazazi wake. Kisha angalia anachofanya. Anazungumza juu ya kuzifanya kazi za Mungu maadamu ni mchana, anainama chini, anatengeneza tope, anampaka yule mtu machoni na kumtuma akanawe Siloamu. Yaani jibu la Yesu linaishia kwenye mikono yenye udongo, na mgonjwa anaambiwa aondoke, aende mahali fulani, afanye jambo fulani.

Ukiendelea kusoma utawakuta wazazi wa yule kipofu wakihojiwa, na wanajibu kwa woga kwa sababu walijua wanaweza kufukuzwa katika sinagogi. Msomaji wangu, wapo wazazi wa namna hiyo katika makanisa yetu leo. Wanaogopa kumleta mtoto kwa sababu wanajua sura zitakazowageukia. Na mtoto anayefichwa kanisani huwa amefichwa kliniki pia.

Kinachotokea tumboni

Basi tuelewe jambo lenyewe, maana ujinga wetu ndio unaolisha uvumi.

Katika majuma ya kwanza ya mimba, ubongo na uti wa mgongo huanza kama bamba jembamba linalojikunja na kufunga kuwa mrija. Kazi hiyo humalizika kama siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga vizuri upande wa juu, sehemu ya ubongo au utando wake huweza kutoka kupitia tundu la fuvu na kufanya uvimbe, mara nyingi kisogoni. Ukibaki wazi kabisa huko juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikui. Hali hiyo madaktari huiita anensefali.

Kichwa kikubwa kina njia yake. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu hutengenezwa maji yanayouosha na kuulinda, kisha hunywewa na damu. Njia ya maji hayo ikiziba, hujikusanya, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka. Watoto wengi wenye mgongo wazi hupata tatizo hili pia. Wengine huzaliwa wazima kabisa, wakalipata baada ya maambukizi makali ya siku za mwanzo. Kwa hiyo yule mama aliposema mwanawe hakuzaliwa vile, huenda alikuwa akiniambia kweli ya kitabibu, nami sikumsikia.

Sasa niambie, msomaji, katika maelezo hayo dhambi ya mama mkwe anayoitafuta iko wapi? Jini liko wapi? Sikatai kwamba dunia imeanguka na viumbe vyote vinaugua, kama Paulo anavyowaandikia Warumi. Lakini kusema dunia yote inaugua ni jambo moja, na kumnyooshea kidole mwanamke mmoja wa Bweni ni jambo jingine.

Daktari wa Mbale

Labda utasema mambo haya ni ya nchi zenye uwezo. Hapana. Moja ya hatua kubwa za tiba ya kichwa kikubwa ilipigwa hapa hapa Afrika Mashariki, Mbale, chini ya Mlima Elgon huko Uganda. Mwaka 2000 daktari Mmarekani Benjamin Warf alihamia Uganda na familia yake kama mmisionari, akashiriki kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE, hospitali ya Kikristo.

Tiba iliyozoeleka ilikuwa mrija mwembamba unaowekwa chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili kuyatoa maji. Mrija huo umeokoa watoto wengi na hadi leo unaokoa. Ila unaweza kuziba au kupata maambukizi, na mtoto wa kijijini ambaye mrija wake umeziba usiku wa mvua, hospitali ikiwa mbali, yuko hatarini kufa. Warf alitazama akina mama waliokuwa wakisafiri siku nzima kumfikia, akaona kwamba tiba lazima ilingane na barabara zao. Yeye na wenzake wakaunganisha mbinu mbili: kwa kamera ndogo hufungua tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapate njia nyingine, na huchoma baadhi ya tishu zinazoyatengeneza. Watoto wengi waliotibiwa hivyo hawakuhitaji mrija.

Pia waligundua kwamba wengi wa watoto waliowapokea walipata ugonjwa kutokana na maambukizi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur ya Marekani. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika hapo hapo Mbale kwa watoto 100: mwaka mmoja baada ya upasuaji, ukuaji wa akili wa waliotibiwa kwa njia hiyo na wa waliowekewa mrija haukuonyesha tofauti kubwa.

Ninalisimulia hili kwa sababu wapo wanaodhani kumpeleka mtoto kwa daktari ni kupungukiwa imani. Warf alikwenda Mbale kwa sababu ya imani. Na mwandishi wa Injili ya tatu, Luka, anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14. Hapa kwetu, pale Magila, Muheza, wamisionari waliweka kanisa, shule na hospitali mahali pamoja. Waliotuletea Injili pwani hii hawakutufundisha kuchagua kati ya maombi na dawa.

Nchini mwetu upasuaji huu unafanyika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imewatibu watoto wengi wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi. Wapo pia wazazi waliojiunga katika chama chao, ASBAHT, wanaosaidiana kwa ushauri na kutiana moyo. Mama wa Pangani akianzia zahanati ya kijiji na kupewa rufaa, njia ipo. Ni ndefu, lakini ipo.

Jani na unga

Je, kasoro hizi zinaweza kuzuilika? Nyingi za zile za mrija kutofunga, ndiyo. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowashirikisha wanawake 1,817 kutoka nchi 7, ambao walikuwa wamewahi kupata mimba yenye kasoro hizi. Waliopewa foliki asidi kuanzia kabla ya mimba, hatari ya tatizo kujirudia ilipungua kwa asilimia 72.

Foliki asidi ni vitamini. Mwaka 1941 watafiti wa Texas waliitoa katika majani ya spinachi, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwetu imo katika mchicha, matembele na majani ya kunde, usiyachemshe mpaka yakapoteza rangi na kumwaga maji yake. Imo katika kunde, choroko na maharage, na katika machungwa ya Muheza ambayo msimu ukifika hujaa barabarani. Lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Ushauri wa kitabibu ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi majuma 12. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au fuvu wazi, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi au kubadilishiwa dawa. Asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hapa ndipo penye shida. Vidonge hutolewa kliniki, na wanawake wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano. Siku zile 28 zimeshapita zamani. Vidonge bado vina faida kwa damu ya mama, lakini kwa mrija wa mtoto vimechelewa. Ndiyo sababu Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 na kuzindua mwaka 2013 mpango wa kuongeza virutubishi, pamoja na foliki asidi, katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Ila unga tunaousaga wenyewe kwenye mashine ya kijijini mara nyingi hauna nyongeza hiyo. Basi ukinunua unga soma mfuko, na mabinti wanaokaribia kuolewa waambiwe mapema. Tunawafundisha wachumba utii, uaminifu na matumizi ya fedha kwa majuma kadhaa kabla ya ndoa. Dakika tano za foliki asidi zingeingia wapi kama si hapo?

Mtoto asiyeishi

Sasa nifike mahali pagumu. Mtoto mwenye anensefali haponi. Wengine huzaliwa wamekufa, wengine huishi saa chache, pengine siku kadhaa. Hapo hakuna rufaa ya kumwokoa. Mhudumu wa Injili afanye nini?

Nimewasikia watu wakimwambia mama wa namna hiyo ashukuru, Mungu amemwepusha na mzigo. Nimewasikia wakimwambia ni malaika tu, asilie. Wengine humzika mtoto kimyakimya, hana jina, mama bado yuko kitandani. Naomba tusifanye hivyo. Zaburi ya 139 inasema Mungu alituona tungali hatujakamilika umbo, na haikuweka kipimo cha fuvu. Mpe mtoto jina. Kama mapokeo ya kanisa lako yanaruhusu ubatizo wa dharura, usisubiri kasisi afike. Muulize mama kama anataka kumshika. Nenda makaburini. Baada ya hapo kaa naye, na kama huna la kusema, usiseme. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na huo ndio wakati waliofanya vizuri. Walipofungua midomo wakaanza lile swali letu: umetenda dhambi gani?

Watu wanne

Katika Marko sura ya 2 kuna mgonjwa aliyepooza aliyebebwa na watu wanne. Walipokuta mlango umejaa watu walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha. Hatusomi kwamba walimuuliza alikosa nini. Walijua uzito wake tu, kwa sababu walikuwa wameushika.

Kila mtoto wa namna hii anahitaji watu wanne, na hawahitaji kuwa madaktari.

Wa kwanza ni mwenye macho. Kichwa cha mtoto mchanga aliyetimiza miezi huwa na mzunguko wa kama sentimita 35, na miezi mitatu ya kwanza hukua kama sentimita 2 kwa mwezi. Muuguzi anao utepe wa kupimia. Mwombe aupime na kuandika kwenye kadi. Utosi ukituna, macho yakitazama chini, mtoto akitapika na kulia ovyo au kulala kupita kiasi, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto wa mgongo wazi alazwe kifudifudi au kwa ubavu, kidonda kifunikwe kitambaa safi chenye unyevu, asipakwe majivu wala dawa za majani, awahishwe hospitali. Na kichanga mwenye homa asisubiri, maana maambukizi yale ya Mbale huanza hivyo.

Wa pili ni mwenye nauli. Jumuiya ndogo inayoweza kuchanga kwa ajili ya sare za kwaya inaweza kuchanga kwa ajili ya safari ya Tanga na ya Dar es Salaam, na chakula cha mama anayekaa wodini majuma kadhaa.

Wa tatu ni wa kumshika baba. Wanaume wengi hukimbia kwa aibu na woga. Wazee wa kanisa, msimwendee kwa ukali tu. Kaeni naye, mwambieni jambo hili si laana ya ukoo wake wala wa mkewe, kisha mrudisheni kwake.

Wa nne ni wa miaka ijayo. Upasuaji hauishii wodini. Mrija hukaguliwa, mtoto wa mgongo wazi huhitaji kusaidiwa kutoa mkojo kwa mpira safi, miguu huhitaji mazoezi, na shule huhitaji mtu wa kumpeleka. Mfalme Daudi alimketisha Mefiboshethi mezani pake, na sura ile ya 2 Samweli 9 inafunga kwa kutukumbusha kwamba miguu yake bado ilikuwa na kilema. Hakuponywa kwanza ndipo akaribishwe.

Yule mama wa Bweni bado anavuka na pantoni. Mara ya mwisho nilipopita Pangani nilimkuta kanisani na mwanawe, na pembeni ya mlango, nje kivulini, yule bibi amekaa akiwasubiri. Nilimwomba mama msamaha mbele ya mtoto. Mtoto ndiye aliyenijibu. Aliuliza, "Baba Mchungaji, kwani wewe ndiye uliyetoa nauli?"

Nilimwambia ndiyo, lakini nilichelewa.

Msomaji wangu, wewe usichelewe. Ukitoka ibadani leo, pita nyumba ile ambayo mtoto wake hujamwona. Usiulize nani alitenda dhambi. Uliza amekula, amepimwa lini, na safari ni lini. Omba nao, kisha toa nauli.

Jumapili njema.